Futa Kwanza, Paka Baadaye: Kukinga Chuma Kinachong'aa Mau Narok

Lima na plau ya diski kutwa nzima kwenye shamba la Mau Narok, kisha itazame jua likielekea kuchwa. Udongo umezisugua diski mpaka unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Iache hapo hapo kando ya mtaro, nenda ukalale, urudi alfajiri. Kioo kimegeuka rangi ya chungwa. Mvua haikunyesha, na hakuna aliyemwaga maji. Dereva ataapa kwamba aliiacha plau ikiwa safi, wala hatakuwa anakudanganya.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya asubuhi hiyo. Nitasema habari za plau, za mkasi wa kunyolea kondoo, za panga, na kwa wale wachache wenye leseni, za bunduki pia, kwa sababu vyote hivyo vinaugua ugonjwa mmoja: kutu ya chuma. Chuma kilichosuguliwa kikang'aa kiko uchi. Mhimili wa plau una rangi yake ya kiwandani, na chuma kilichotoka kwa mhunzi kina gamba jeusi lililoachwa na moto. Lakini ule uso unaong'aa, ambao ndio hasa unaofanya kazi, hauna nguo yoyote mwilini.

Nataja kutu ya chuma makusudi, maana huku kwetu ukisema kutu lazima ueleze ni ipi. Ile ya ngano ni kuvu, na imewasumbua wakulima wa upande huu tangu mlowezi Lord Delamere alipojaribu ngano Njoro mwanzoni mwa karne ya 20. Leo kituo cha utafiti cha Njoro hupanda maelfu ya mbegu kutoka nchi nyingi ili kuona ipi itahimili kutu ya shina ya Ug99, iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998. Hiyo ina wataalamu wake. Kutu ninayoizungumzia mimi haina daktari ila wewe na kitambaa chako.

Adui ni baridi. Mau Narok iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, takriban kilomita nzima juu ya mji wa Nakuru, na kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Usiku usio na mawingu, chuma hupoa kuliko hata hewa inayokizunguka. Kikishapoa vya kutosha, mvuke uliomo hewani hugeuka maji juu yake, nao ndio umande unaoukuta asubuhi. Siku za sakitu maji hayo huganda, kisha huyeyuka jua likitoka, na chuma kinabaki kimelowa hadi saa nne. Kutu haitaki zaidi ya chuma, maji na oksijeni, na Mau Narok huipa hivyo viwili vya mwisho kila usiku bila malipo. Tena haihitaji matone unayoyaona kwa macho: unyevu wa hewa ukizidi asilimia 60 hivi, utando mwembamba wa maji hujijenga juu ya chuma, na kazi inaanza.

Kuna wanaodhani stoo inatosha. Stoo ya mabati huku hutoka jasho. Mabati yanapoa usiku, mvuke wa ndani unashika upande wa chini wa paa, na ikikaribia alfajiri matone yanaanza kudondoka juu ya vifaa ulivyovificha mvua. Sakafu ya udongo nayo inapumua unyevu kutoka chini, na saruji haiko mbali sana na udongo kwa tabia hiyo. Kwa hiyo inua kila kitu juu ya mbao, acha upenyo wa hewa chini ya paa, na usiweke chuma chochote mahali ambapo mbuzi au ndama hulala. Pumzi zao na mikojo yao ni mvuke na chumvi.

Sasa neno ambalo ningelichonga kwenye mlango wa kila stoo: mafuta hayakaushi. Mafuta hufungia ndani kile ulichokikuta juu ya chuma. Ukikuta ukavu umefungia ukavu, ukikuta umande umefungia umande.

Nililijua hilo kwa kulilipia. Nilikuwa na panga zuri la chuma kigumu, na safari moja nikalitoa shambani asubuhi likiwa bado na unyevu, nikalipaka oili nzito ya injini bila kubana mkono, nikalifunga kwa gunia na kuliweka juu ya dari. Nilijiona mtu makini. Baada ya miezi miwili nilifungua nikakuta mafuta bado yapo, meusi na mazito, na chini yake panga lina vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Maji ni mazito kuliko oili. Yalikaa chini, kwenye chuma, na oili ikakaa juu ikiyalinda yasikauke. Gunia lenyewe, nilikuja kukumbuka baadaye, lilikuwa limebeba mbolea.

Basi anza kwa kuosha. Udongo ulioganda unyweshwe maji, usuguliwe kwa brashi, utoke wote, hasa kule nyuma ya diski ambako hakuna anayetazama. Kwa vifaa vidogo, mwagia maji yaliyochemka mwishoni. Kwenye mwinuko wetu maji huchemka yakiwa nyuzi 90 hivi tu, lakini hizo zinatosha kukipasha chuma moto kiasi kwamba matone yanayobaki yanajikausha yenyewe. Kisha anika juani. Saa ya kupaka mafuta Mau Narok si asubuhi wala jioni, ni kati ya saa sita na saa tisa mchana, chuma kikiwa na joto ukikigusa. Mafuta juu ya chuma chenye joto hulegea, hutambaa, huingia kwenye mikwaruzo. Ukisubiri saa kumi na moja, ukungu umeshapanda kutoka msituni na unapaka mafuta juu ya maji.

Siku ambayo jua halitoki, na zipo nyingi, tumia kitu cha kuyasukuma maji. Mafuta ya taa kwenye kitambaa hufanya kazi hiyo kwa bei ya kawaida. Mkebe wa WD-40 unaouona kwenye kila duka la spea ulitengenezwa kwa shabaha hiyo hiyo: mwaka 1953, kampuni ndogo ya San Diego, Marekani, ilikuwa inatafuta dawa ya kuyafukuza maji kwenye ngozi ya roketi za Atlas, na herufi hizo mbili zinasimamia maneno yenye maana ya kuhamisha maji. Namba 40 ni jaribio lililofaulu. Wengi huipulizia wakadhani wamemaliza. Sehemu kubwa ya kile unachokipulizia hupotea hewani, na utando unaobaki ni mwembamba mno kwa umande wa wiki nzima. Ichukue kama taulo. Nguo bado hujavaa.

Nguo yenyewe uichague kwa muda ambao chuma kitalala. Kama unalima tena kesho, pangusa diski kwa kitambaa chenye oili mpya ya injini, ile ya kawaida unayoitia kwenye trekta, au hata dizeli kama huna kingine. Kwa wiki tatu au mwezi, oili peke yake inachuruzika, hasa kwenye uso uliosimama wima. Changanya na grisi kidogo hadi iwe nzito kama uji wa mtoto, kisha upake kwa brashi. Msimu mzima ukiwa mbele yako, paka grisi tupu ya kawaida, kwa mkono, safu ambayo ukipitisha kidole inaacha mfereji.

Jeli ya mafuta nayo isidharauliwe. Vaseline ilianzia kwenye visima vya mafuta vya Marekani, ambako Robert Chesebrough aliwakuta wafanyakazi wakiondoa nta iliyoganda kwenye vyuma vya pampu, akaisafisha na kupata hataza mwaka 1872. Ilitoka kwenye chuma, na chuma bado inakifaa. Mafuta ya kukamulia ng'ombe, kama Arimis ambayo nusu ya Kenya hujipaka usoni, ni ya ukoo huo huo. Kwa panga, kisu au mkasi, kijiko kimoja kinatosha.

Jikoni, kuwa mwangalifu. Siagi ya kupaka mkate ina maji na chumvi. Ukiipaka chuma umekipikia kutu. Mafuta ya alizeti na mengine ya majimaji yanayokauka hugeuka gundi baada ya muda, na gundi hiyo inakusanya vumbi na kukwamisha vitu vinavyotakiwa kuzunguka.

Halafu kuna oili chafu. Najua ndiyo inayotumika kuliko zote kwa sababu ni ya bure, kila karakana inaimwaga. Lakini oili iliyotoka kwenye injini imebeba asidi zilizotokana na moshi, masizi na unga wa vyuma vilivyosagika, na asidi ni rafiki wa kutu. Ngozi yako haiitaki pia. Ina kemikali zinazohusishwa na saratani. Na mahali inapokwenda ndipo panaponikera zaidi. Siku ya kwanza ya kulima, kila ulichokipaka kwenye diski kinabaki kwenye mtaro ambao utapanda viazi. Mvua ikija inateremka. Mto Njoro huanzia kwenye miinuko hii ya Mau Mashariki na kumwaga maji Ziwa Nakuru, na mito mingine inashuka upande wa Narok kwa watu wanaonywa na kunywesha. Oili mpya nusu lita kwa plau nzima haimfilisi mtu aliyenunua dizeli ya ekari 20.

Turudi kwenye plau yenyewe, maana hapo ndipo hasara inapohesabika. Watu wengi hawajali kutu ya diski. Husema udongo utaisugua. Kweli utaisugua, ila angalia kwa gharama ya nani. Udongo hushikamana na diski yenye kutu badala ya kuteleza na kupinduka, trekta inavuta mzigo wa ziada, mtaro unatoka umepasuka-pasuka, na dereva anashuka kila baada ya mita mia kukwangua kwa fimbo. Ukikodi trekta kwa ekari, muulize mwenyewe kama diski zake zinang'aa kabla hajaingia shambani kwako. Akicheka, tafuta mwingine.

Usiipake rangi sehemu inayong'aa, hata kama fundi wa kuchomelea atakushawishi. Rangi kwenye mhimili na miguu ni sawa, lakini kwenye diski itakuwa kizuizi kile kile cha udongo. Plau ikimaliza kazi, ioshe, ikaushe, ipake pande zote mbili za diski, na usisahau ukingo wenye makali. Chukua bomba la grisi upampu kwenye kila beringi ya diski hadi grisi chafu itoke na mpya ianze kuonekana. Unachokifanya hapo ni kuyasukuma nje maji yaliyoingia wakati wa kuosha. Ishushe plau juu ya vipande vya mbao. Isiguse ardhi.

Mashine ya kupandia ngano na shayiri inahitaji haraka kubwa kuliko plau. Mbolea ni chumvi, tena chumvi inayonyonya maji kutoka hewani yenyewe. Chembechembe chache za DAP zilizobaki kwenye mdomo wa bomba au juu ya diski ndogo za kufungulia udongo zitayeyuka usiku mmoja wa ukungu na kutengeneza maji makali yanayokula chuma kuliko umande mtupu. Siku ya mwisho ya kupanda, usilale kabla hujamwaga mbolea yote iliyobaki, hujapiga maji, hujakausha. Kwa sababu hiyo hiyo, gunia la mbolea lisitumike kufunikia au kufungia chuma kamwe, hata lioshwe mara tatu. Nailoni nayo inafungia mvuke ndani. Kitambaa kikuukuu cha pamba kilicholowa oili ndicho kifungio bora.

Mkasi wa kunyolea kondoo ni kisa cha aina yake, na hapa Mau Narok, mahali pa kondoo wa sufi, ungefikiri sote tungekuwa tunakijua. Sufi ina mafuta yake, lanolini, ambayo ni miongoni mwa kinga bora za chuma zinazojulikana. Viwanda huisafisha na kuitia kwenye dawa za kukinga meli na mashine. Mkasi ukinyoa kondoo mia unatoka umepakwa. Tatizo ni kwamba sufi hiyo hiyo ina jasho la kondoo, lenye chumvi za potasiamu, na mkasi ukiachwa hivyo hivyo unapata dawa na sumu kwa pamoja. Uoshe kwa maji ya moto, ukaushe, kisha upake upya.

Lanolini ya kupaka unaweza kuitoa mwenyewe. Chukua vipande vya sufi vichafu ambavyo mnunuzi amevikataa, vile vya tumboni na shingoni, uvichemshe polepole kwa saa kadhaa kwenye sufuria ambayo mama watoto hataidai tena. Toa sufi, acha maji yapoe usiku kucha. Baridi yetu kwa mara moja inakuwa msaada: mafuta yanaganda juu kama utando wa njano. Yakusanye, uyachemshe tena kwa maji safi, yagande tena, na urudie hadi maji ya chini yabaki meupe, maana hapo chumvi imetoka. Yananuka kondoo, sikatai. Yapashe moto kidogo uyalegeze kwa oili nyepesi, na una dawa ya mkasi, panga na kufuli la lango.

Nta ya nyuki ni ndugu yake. Sehemu moja ya nta kwa sehemu nne za oili nyepesi, ndani ya kopo lililowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo hakuna haja ya kuchemsha. Ikipoa inakuwa laini kama kiwi ya viatu. Hii inafaa panga linaloshikwa kila siku, kwa sababu haichafui mikono wala mzigo wa kabeji.

Panga na sime zina adui mwingine ambaye amejificha kwenye heshima. Ala ya ngozi ni nzuri kiunoni, lakini ngozi hunywa unyevu na kuutunza, na ngozi iliyotengenezwa ina chumvi na asidi za kiwandani au za magome ya miti. Vaa ala mchana. Usiku, chuma kilale nje yake.

Mwenye bunduki yenye leseni achukue yote niliyosema, aongeze machache. Kwanza hakikisha haina risasi, hata kama uliitoa mwenyewe jana. Rangi nyeusi yenye ubuluu kwenye mtutu si rangi ya kupaka; ni oksidi ya chuma iliyoundwa kwa makusudi, kutu iliyofugwa, na kazi yake kubwa ni kushika mafuta. Bila mafuta haimkingi mtu. Lakini sehemu zilizong'arishwa, kama bolti na pande za ndani za kufungia, hazina hata hiyo, na ndizo zinazoshikwa na vidole. Jasho la kidole lina chumvi, na alama ya kidole kimoja inaweza kuandikwa kwa kutu kabla ya wiki kwisha. Pangusa kila palipoguswa, kila mara. Tumia mafuta mepesi ya bunduki, utando ambao macho hayauoni ila kidole kinausikia. Wanajeshi wa Kiingereza wa zamani walitumia mafuta ya Rangoon, yaliyopewa jina la bandari ya Burma, na kazi ilikuwa ile ile. Ndani ya mtutu vuta kitambaa chenye mafuta kidogo, na kabla ya kuitumia tena vuta kikavu uyatoe. Ikisimama kabatini, mdomo utazame chini, mafuta yasichuruzike kwenye mbao za kitako yakazilainisha. Mfuko wa turubai au ngozi ni wa safari tu. Na ukitoka kwenye baridi ukaingia nayo chumba chenye moto wa kuni, italowa palepale kama miwani yako. Subiri ipate joto la chumba, ipanguse, kisha uifungie.

Stenlesi sina la kusema sana juu yake. Ina kromiamu ya kutosha, angalau asilimia 10.5, kujifunika yenyewe. Ndoo ya maziwa ioshe vizuri, na usiipake chochote.

Yakishaharibika, bado kuna njia. Kutu changa, ile ya chungwa ya usiku mmoja, inatoka kwa kitambaa cha mafuta ya taa na waya laini wa kusugulia sufuria. Usikimbilie msasa mkali. Kila mkwaruzo unaoacha ni mtaro wa maji ya kesho. Kutu iliyozeeka kwenye kifaa kidogo, iloweke kwenye siki usiku mmoja, na usivuke hapo sana kwa sababu asidi ikimaliza kutu inaanza kula chuma. Asubuhi sugua, kisha tumbukiza kwenye maji yenye magadi, yale yale ya kulainishia maharagwe, ili kuua asidi iliyobaki. Magadi ya madonge yana chumvi ndani yake, kwa hiyo suuza tena kwa maji safi yaliyochemka. Usishangae chuma kikitoka na weusi wa kijivu badala ya kung'aa kama zamani. Vishimo havizibiki, na hivyo ndivyo vitakavyoshika unyevu kwanza. Kianike juani hadi kipate moto, na upake wakati jua bado liko juu ya vilima.